Punda au Farasi Akiwashwa Njiani: Uliza Lini na Wapi Kabla ya Kushika Dawa

SOMO KWA WAFUGAJI, WAENDESHA MIKOKOTENI NA WATUNZA FARASI

Chukua mfano huu. Ni saa moja asubuhi kando ya msitu wa Marmanet. Mwendesha mkokoteni amemfungua punda wake ashuke kijia cha mtoni akanywe maji. Mvua imenyesha wiki nzima na majani yamefunga njia pande zote mbili. Dakika tano baadaye punda anaanza kupigapiga miguu chini. Anageuza kichwa na kuuma tumbo lake mwenyewe, kisha anajitupa na kugaragara. Mwenyewe anadhani ni ukaidi, anachukua kiboko. Punda anajibu kwa teke.

Jioni mwenyewe anaona vivimbe miguuni na tumboni. Anapaka oili chafu ya gari. Kesho yake anaona haijasaidia, anasema bila shaka ni upele, na anamnyunyizia dawa ya kupe iliyobaki ya ng'ombe. Siku ya tatu punda hali, hapati choo, na tumbo limejaa. Mkokoteni umelala nyumbani. Maji ya wateja hayajafika, na karo iliyotegemewa haipo.

Tumezoea kusema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Katika kisa hiki teke lilikuwa ni thabai. Na thabai ilikuwa shida ya saa chache tu. Kilichomlaza punda ni dawa alizopewa baadaye.

Hilo ndilo jambo tunalotaka ulishike katika somo hili. Mimea mingi inayowasha mnyama njiani haimuui. Madhara makubwa huja mara nyingi mmiliki anapokimbilia dawa kabla hajajua mnyama ana nini. Maswali mawili yatakusaidia kujua: mwasho ulianza lini, na uko wapi mwilini?

UTAKACHOJIFUNZA

Ukimaliza kusoma utaweza:

1. Kutambua mimea inayosumbua ngozi ya punda na farasi hapa Laikipia.
2. Kutofautisha mwasho wa mmea na magonjwa yanayofanana nao.
3. Kutoa huduma ya kwanza bila kuongeza madhara.
4. Kujua ni wakati gani usisubiri, bali umpigie daktari wa mifugo.

SEHEMU YA 1: MAMBO MATATU YA KUJUA KUHUSU WANYAMA HAWA

Kwanza, ngozi ya farasi ni nyepesi na hufura haraka. Ukiona inzi ametua mgongoni mwake, ngozi ya mahali hapo hutikisika. Ngozi inayomhisi inzi haiwezi kukosa kuuhisi mmea wenye sumu. Vivimbe vinaweza kujitokeza katika dakika chache tu na kuenea.

Pili, punda huficha maumivu. Farasi aliyeumia ataruka na kupiga kelele. Punda mara nyingi atasimama kimya, atashusha masikio, atakataa kusonga au ataacha kula. Ndiyo maana tunamwita mkaidi. Punda anayegoma ghafla mahali ambapo jana alipita vizuri anakueleza jambo. Mkague kabla ya kumchapa.

Tatu, punda na farasi hupumua kwa pua tu. Hawawezi kufungua mdomo na kuhema kama mbwa au binadamu. Kwa hivyo uvimbe wa mguu na uvimbe wa pua si jambo moja, hata kama umesababishwa na mmea ule ule. Pua ikifura, njia ya hewa iko hatarini.

SEHEMU YA 2: IJUE MIMEA YENYEWE

Thabai. Hupenda maeneo ya baridi na unyevu: kingo za misitu, mabonde ya mito, na kando ya maboma ya zamani palipo na mbolea nyingi. Kwa jina la kisayansi, ya milimani kwetu huitwa Urtica massaica. Wengi wetu tunaila kama mboga ikishapikwa. Ikiwa mbichi, majani na shina lake lina vijinywele vilivyo wazi ndani kama sindano ya daktari. Ncha ya kijinywele ni ngumu na hukatika kirahisi kama kioo. Mnyama akipita, ncha inakatika, sindano inaingia, na maji yenye kemikali za kuwasha, ikiwemo histamini, yanamiminwa ndani ya ngozi. Vivimbe hutokea mara moja. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache na huisha kabla ya siku kupita. Hata hivyo, mnyama aliyeanguka au kugaragara katikati ya thabai nyingi anaweza kutetemeka, kuyumba, na kushindwa kusimama vizuri kwa saa kadhaa. Huyo anahitaji daktari.

Baadhi ya watu huita thabai upupu. Upupu halisi ni mmea mwingine: unatambaa, unapenda joto, na maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopeperuka hata kwa upepo. Utaukuta zaidi Pwani na maeneo yenye joto kuliko katika nyanda zetu za baridi.

Mtupa na miti mingine ya utomvu mweupe. Mtupa, ambao majirani wengi wanauita kariaria, hupandwa kama ua. Ndugu yake mkubwa ni ule mti wa matawi ya miiba yaliyosimama kama kinara cha mishumaa, unaoonekana kwenye miteremko mikavu. Yote ni jamii ya Euphorbia. Tawi likivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukidondoka kwenye ngozi huichoma: saa kadhaa baadaye pale ulipopita panakuwa pekundu, panatoa malengelenge, na manyoya huanguka. Mara nyingi alama hufuata mstari, kwa sababu utomvu ulitiririka. Ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona, wa mnyama na wako wewe pia.

Mpungate. Wakaazi wa Laikipia Kaskazini hawahitaji kuonyeshwa mmea huu. Asili yake ni bara la Amerika. Uliletwa enzi za ukoloni na kutumiwa kama ua, kisha ukatoroka. Aina iliyotuletea shida kubwa ni Opuntia stricta. Una miiba mirefu unayoiona, na pia vijiba vidogo mno vya kunasa, vilivyojikusanya kama vumbi la kahawia kwenye majani na matunda. Vijiba hivyo vina ncha zilizogeukia nyuma mithili ya ndoana, kwa hivyo huingia kirahisi na kutoka kwa shida. Mnyama mwenye njaa anayeuma tunda tamu anajaza midomo, ulimi na fizi. Majeraha hayo huzuia kula, na baadaye yanaweza kutunga usaha.

Gugu karoti. Ni gugu lenye majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe, linaloota kando ya barabara, kwenye maeneo ya ujenzi na katika malisho yaliyochoka. Jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus. Hili halichomi mara moja. Mwili wa mnyama au wa mtu huzoeshwa kulikataa kwa kuligusa mara nyingi, na siku moja mzio unajitokeza: mwasho, wekundu, ngozi kuwa nene na kupasuka. Huonekana siku moja hadi tatu baada ya kugusana. Yule anayeling'oa kwa mikono mitupu kila msimu naye yuko hatarini.

Kishonanguo. Mbegu zake nyeusi zenye meno hazina sumu. Shida yake ni kunasa kwenye blanketi la tandiko, gunia la mgongoni, na mkanda wa kifua. Hapo kila hatua ya mnyama inakuwa msasa. Kufikia jioni ngozi imechubuka, na kesho ni kidonda.

Mimea inayochoma kwa kupitia jua. Hili ndilo kundi la hatari zaidi, na wengi hawalijui kwa sababu mmea wenyewe haukuigusa ngozi. Mnyama ameula. Mimea mingine ya mwituni, kama baadhi ya zile za jamii ya Senecio zenye maua ya manjano na baadhi ya krotalaria, ndugu wa mboga ya mitoo, huharibu ini polepole. Lantana hufanya hivyo hasa kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ini likiwa zima husaidia kutoa mwilini kitu kinachotokana na rangi ya kijani ya majani yaliyosagwa tumboni. Ini likishindwa, kitu hicho hubaki kwenye damu na kufika kwenye ngozi. Ngozi isiyo na rangi nyeusi ya kuikinga huungua jua linapowaka. Matokeo yake utayaona puani, kwenye baka jeupe la usoni na kwenye miguu meupe, huku sehemu nyeusi za mnyama huyo huyo zikibaki salama. Mimea ya Senecio hubaki na sumu hata ikikaushwa ndani ya nyasi za akiba.

SEHEMU YA 3: SWALI LA LINI

Dakika chache. Fikiria thabai, au kuumwa na nyuki na wadudu wengine. Uliza mmepita wapi katika nusu saa iliyopita.

Saa kadhaa. Fikiria utomvu. Uliza kama kuna ua uliokatwa, tawi lililovunjika, au mzigo wa kuni wa mti wenye maziwa.

Siku moja hadi tatu. Fikiria mzio wa gugu karoti, mbegu zilizokwama kwenye matandiko, au miiba iliyobaki ndani na kuanza kutunga usaha.

Siku nyingi au wiki. Fikiria alichokuwa akila. Hapa hauna shida ya ngozi tu. Huenda una shida ya ini.

SEHEMU YA 4: SWALI LA WAPI

Miguuni, tumboni na puani: hizi ndizo sehemu zinazopapasa majani mnyama anapotembea na kula. Mmea wa njiani unashukiwa kwanza.

Chini ya tandiko, mkanda au kamba tu: kagua vifaa, si njia. Tafuta mbegu, miiba, mshono mgumu, jasho lililokauka au chumvichumvi.

Kwenye sehemu nyeupe pekee: jua na ini.

Shingoni penye nywele ndefu na kwenye shina la mkia: mara nyingi ni visubi, chawa au utitiri, si mmea.

Mabaka ya duara yasiyo na manyoya: huenda ni choa, yaani mashilingi. Ugonjwa huu huambukiza watu na hupita kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kupitia matandiko na brashi za kuazimana.

Vivimbe mwili mzima: inaweza kuwa ni chakula kipya, dawa aliyodungwa au wadudu.

Mashimo ya juu ya macho kujaa na kuvimba, pamoja na homa na kuhema: kwa farasi, hiyo inaweza kuwa ni dalili ya maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi. Huua haraka. Usipoteze muda ukitafuta mmea. Punda kwa kawaida huyastahimili vizuri zaidi na anaweza asionyeshe dalili.

SEHEMU YA 5: HUDUMA YA KWANZA, HATUA KWA HATUA

1. Simama. Mwondoe mnyama kwenye majani na umpeleke kivulini. Simama kando ya bega lake, si nyuma yake. Hata mnyama mpole hupiga teke anapochomwa.

2. Fungua kila kitu: mkokoteni, tandiko, mikanda. Kivimbe chini ya mkanda huwa kidonda kwa haraka.

3. Tazama pua na usikilize pumzi. Hesabu pumzi kwa dakika moja mnyama akiwa ametulia. Farasi aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 8 na 16 kwa dakika. Punda kati ya 12 na 28. Ikiwa pua inafura, ukisikia mkoromo, au mnyama ananyoosha shingo kutafuta hewa, piga simu sasa hivi, kisha endelea na hatua nyingine.

4. Osha kulingana na mmea. Usisugue kwanza kabla hujajua, kwa maana kusugua huvunja vijinywele zaidi na kuzamisha miiba.

Kwa thabai: mwagia maji baridi mengi yanayotiririka kwa dakika kumi au zaidi. Rudia baada ya muda akiendelea kuwashwa.

Kwa utomvu: vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Maji peke yake hayatoshi kuondoa maziwa hayo; tumia sabuni ya kipande isiyo kali na maji mengi, uoshe kuelekea chini, mbali na macho. Jicho lioshwe kwa maji safi kwa angalau dakika 15, na daktari aitwe siku hiyo hiyo. Ikiwa ni jicho lako, fanya vivyo hivyo kisha uende hospitali.

Kwa mpungate: ng'oa miiba mikubwa moja moja kwa koleo dogo, ukivuta kwa kufuata njia iliyoingilia. Kwa vijiba vidogo, bandika selotepu juu yake na uivute. Rudia kwa kipande kipya kila mara. Ndani ya mdomo mwachie daktari.

Kwa gugu karoti na kishonanguo: osha kwa maji na sabuni isiyo kali, ukaushe, na usafishe vifaa vyote kabla ya kuvirudisha mgongoni.

Kwa ngozi iliyochomwa na jua: mwingize bandani au kivulini mchana kutwa, umtoe kwenye malisho yale, umpe nyasi safi na maji, na umwite daktari hata kama vidonda vinaonekana vidogo.

5. Pima joto la mwili kama una kipimo. Farasi mwenye afya huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, punda kati ya 36.2 na 37.8. Homa hukuambia kwamba huenda jambo hili si mwasho wa mmea tu.

6. Mpumzishe. Asirudishwe kazini mpaka uvimbe uishe na ngozi chini ya mikanda iwe nzima.

7. Weka kumbukumbu: saa, mahali, mmea. Kata kitawi ukiwa na glavu au piga picha. Kitawi hicho kitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

SEHEMU YA 6: MAMBO USIYOPASWA KUFANYA

Usitumie dawa ya kupe ya ng'ombe bila kumuuliza daktari. Soma kibandiko. Dawa zenye kiambato cha amitrazi, ambazo ng'ombe huvumilia vizuri, hazifai kabisa kwa farasi na punda. Huzuia matumbo kusonga. Chakula hukwama, tumbo hujaa, na mnyama anaweza kufa. Hiki ndicho kilichompata punda wa mfano wetu.

Usipake oili chafu, mafuta ya taa, maji ya betri, chumvi au kinyesi cha ng'ombe. Oili na mafuta ya taa huchoma ngozi iliyokwisha kujeruhiwa, na uchafu huleta usaha.

Usimpe tembe za binadamu wala kumdunga sindano iliyobaki ya mnyama mwingine. Farasi na punda hawawezi kutapika, alichomeza kimeingia.

Usitie mkono mtupu mdomoni mwa mnyama anayedondosha mate. Huenda ni miiba ya mpungate, lakini kichaa cha mbwa pia hushika punda na farasi na huanza kwa dalili zinazofanana na hizo. Mfunge mahali salama, uwaweke watoto mbali, na umwite daktari.

SEHEMU YA 7: MPIGIE DAKTARI BILA KUSUBIRI UKIONA

- Pua, midomo au koo limefura, au pumzi ni nzito.
- Mnyama anayumba, anatetemeka au hawezi kusimama.
- Jicho limefungwa, linatoa machozi au limekuwa na ukungu.
- Ngozi nyeupe imeungua, au macho na fizi zimekuwa za manjano.
- Hali, hapati choo, au anaendelea kugaragara zaidi ya saa moja.
- Vivimbe vya thabai vimepita siku nzima bila kupungua.

Huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Anza na afisa wa mifugo wa wadi yako. Ukimwita mhudumu wa kibinafsi, una haki ya kuuliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Weka nambari yake kwenye simu leo, usingoje siku ya shida.

SEHEMU YA 8: KINGA HUANZA KABLA YA SAFARI

Mpe chakula kabla ya kuondoka. Mnyama mwenye njaa huuma kila kinachoning'inia uani. Wakati wa ukame hali huwa mbaya zaidi: nyasi zikiisha, mnyama hula mimea ambayo kwa kawaida anaiacha kwa uchungu wake.

Pita njia kwa miguu baada ya mvua. Fyeka thabai iliyoinamia kijia cha maji, ukiwa na glavu na suruali ndefu. Kijia ni cha majirani wote, kwa hivyo kazi hii hufaa ifanywe kwa pamoja.

Ukikata ua wa mtupa, mwarifu jirani na uyaondoe matawi njiani siku hiyo hiyo. Matawi mabichi yaliyotupwa barabarani ndiyo yanayodondosha utomvu kwenye miguu ya punda.

Usikate mpungate na kuutupa kando. Kila kipande cha jani kinachogusa udongo kinaweza kuota mizizi na kuwa mmea mpya, na mbegu zake husambazwa na nyani, ndege na ndovu wanaokula matunda. Wasiliana na afisa wa kilimo kuhusu njia salama ya kuumaliza, ikiwemo kutumia mdudu mdogo anayeufyonza mpaka ukanyauka, njia ambayo imekwisha kutumika hapa Laikipia.

Kung'uta matandiko kila asubuhi. Pitisha kiganja ndani ya blanketi na mikanda yote. Kama panakuchoma wewe, patamchoma yeye.

Wanaotembeza wageni kwa farasi wakumbuke miguu meupe na pua za waridi. Kagua sehemu hizo kila jioni, kwa maana ndizo zinazotoa onyo la kwanza kwamba malisho yana mmea mbaya.

JIPIME

Soma visa hivi, ujibu kwa kutumia lini na wapi, kisha ulinganishe na majibu.

Kisa cha 1. Farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni amelishwa nyasi kavu zilizonunuliwa mwezi uliopita. Sasa baka lote limeungua na linatoa maji. Sehemu nyekundu za mwili ni nzima. Amekonda.

Kisa cha 2. Punda amebeba nyasi siku mbili mfululizo. Leo amekataa kufungwa mkanda wa kifua. Chini ya mkanda pana vipele na michubuko. Kwingine hakuna kitu.

Kisa cha 3. Punda amerudi kutoka malishoni upande wa Doldol akidondosha mate. Anataka kula lakini anatema kila anachouma.

Kisa cha 4. Farasi ametoka kwenye kijia cha msituni dakika kumi zilizopita. Miguu ina vivimbe. Na pua pia imeanza kufura.

MAJIBU

Kisa cha 1: Lini ni wiki nyingi, wapi ni kwenye weupe tu. Shuku ini. Mtie kivulini, acha kumlisha nyasi zile, zitenge zisiliwe na mnyama mwingine, mwite daktari. Marhamu ya ngozi pekee haitamponya.

Kisa cha 2: Wapi ni chini ya kifaa. Kagua mkanda, yumkini ni kishonanguo. Osha, safisha kifaa, mpumzishe mpaka ngozi ipone.

Kisa cha 3: Huenda ni mpungate, lakini huwezi kuwa na hakika. Usitie mkono mdomoni. Mtenge, mwite daktari.

Kisa cha 4: Lini na wapi vinasema thabai, na miguu ingetulia kwa maji baridi. Lakini kwa kuwa pua inafura, hii ni dharura. Piga simu kwanza, kisha umwage maji.

MWISHO

Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Lakini mwenye mkokoteni hahitaji kuogopa sheria ili aelewe hesabu hii: kumpumzisha punda siku moja ni hasara ya siku moja. Kumpoteza kwa dawa isiyofaa ni hasara ya miaka.

Kata ukurasa huu, uubandike bandani, na umsomee kijana anayemwongoza punda wako. Yeye ndiye atakayekuwa njiani mwasho utakapoanza, na yeye ndiye atakayejua kuuliza lini na wapi.